Kurusha si kazi, kazi ni kulea

Roketi inapopaa, dunia nzima husimama kutazama. Picha za moto na moshi huchapwa magazetini, wakubwa hupeana mikono, na wataalamu waliokesha usiku kucha hukumbatiana kwa furaha. Kesho yake habari hiyo huwa imekwisha, na watu hungoja roketi nyingine. Yafaa basi tuseme wazi tangu mwanzo kwamba siku ya kurusha ndiyo siku ndogo kuliko zote katika maisha ya setilaiti. Wahenga walikwisha sema kuzaa si kazi, kazi ni kulea; na ni nadra kuona maneno hayo yakithibitika kwa gharama kubwa kama katika historia ya setilaiti zinazoonyesha mahali na njia.

Setilaiti hizo zinatumiwa leo na mamilioni ya watu ambao hawajapata hata kuuliza zinatoka wapi. Nahodha aliye katikati ya bahari, rubani aliye juu ya mawingu, dereva wa lori, mpimaji wa ardhi, na kijana anayetafuta mtaa kwa simu yake ya mkononi, wote wanategemea mawimbi yanayotoka angani. Mifumo inayoenea dunia nzima ni minne: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya, na BeiDou ya China, ambayo setilaiti ya mwisho ya kuukamilisha ilirushwa tarehe 23 Juni, 2020. Wenye mifumo hiyo hawafanani kwa siasa wala kwa utajiri. Lakini mtihani waliopewa ni mmoja, nao hauulizi nani anaweza kurusha, bali unauliza nani anaweza kuendelea. Hapa tutaangalia majibu ya watatu wa kwanza, kwa kuwa yana mafundisho kwa kila mtu aliyekabidhiwa mali ya umma.

Kwanza hatuna budi kuielewa kazi yenyewe. Setilaiti ya aina hii haimtazami mtu aliye chini, wala haijui yuko wapi. Kazi yake ni kutangaza saa. Ndani yake mna saa za atomu, na wakati wote inatuma kwa mawimbi ya redio ujumbe unaosema: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu sasa ni hii. Chombo alicho nacho mtu mkononi hupima ujumbe huo umechukua muda gani kufika. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, muda huo hugeuzwa kuwa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu hutosha kuonyesha mahali. Ya nne huhitajika ili kusahihisha saa ya chombo cha mkononi, ambayo ni ya bei nafuu na haiaminiki.

Sasa tazama uzito wa jambo hili. Saa ya setilaiti ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unaopimwa hukosewa kwa mita 300. Saa za atomu ni hodari, lakini nazo huteleza kidogo kidogo. Njia ya setilaiti nayo husukwasukwa na mvuto wa mwezi na jua, na hata na msukumo wa mwanga wa jua. Kwa sababu hiyo viko vituo duniani vinavyosikiliza setilaiti hizo usiku na mchana, vinapiga hesabu, kisha vinazipelekea masahihisho. Setilaiti isiyosahihishwa ni kama saa ya ukutani ofisini ambayo hakuna anayeitia ufunguo. Bado inaonekana ni saa, lakini anayeifuata atachelewa kazini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Urusi. Muungano wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya kwanza ya GLONASS tarehe 12 Oktoba, 1982. Kazi iliendelea hata baada ya Muungano huo kuvunjika mwaka 1991, na ilipofika mwaka 1996 mfumo ulikuwa umetimiza setilaiti 24, idadi inayotakiwa ili mtu aliye popote duniani aweze kupata za kutosha wakati wote. Lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini setilaiti zile zilijengwa kwa maisha ya takriban miaka mitatu tu. Maana yake ni kwamba anayetaka kubaki na 24 hana budi kurusha nyingine karibu nane kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, bila ngoma wala hotuba. Fedha zikakosekana. Setilaiti zikazimika moja moja kimya kimya, na kufikia mwaka 2001 zilizobaki zikifanya kazi hazikufika kumi. Nchi iliyompeleka mwanadamu wa kwanza angani ikawa na mfumo ambao, kwa saa nyingi za siku, haukuweza kumwambia hata askari wake amesimama wapi.

Mwaka 2001 serikali ya Urusi iliamua kuufufua mfumo huo, na ilichukua miaka kumi hivi kabla ya idadi ya 24 kurudi mwaka 2011. Tena haikuwa safari ya salama. Tarehe 5 Desemba, 2010, setilaiti tatu zilitumbukia katika Bahari ya Pasifiki kwa sababu sehemu ya juu ya roketi ilijazwa mafuta kupita kiasi ikawa nzito mno. Hata baada ya mfumo kukamilika tena, tarehe 2 Julai, 2013, roketi nyingine ilipinduka mara baada ya kupaa kutoka Baikonur, ikaanguka na kulipuka pamoja na setilaiti tatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipimo vinavyoiongoza vilikuwa vimefungwa juu chini. Hayo hayakuwa makosa ya kukosa elimu ya juu, maana wataalamu wa nchi ile wanajulikana ulimwenguni kote. Yalikuwa makosa ya kazi ya kila siku, yaani kipimo kilichokosewa na ukaguzi uliopita bila kuona.

Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haikusamehewa mtihani huo. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa mwaka 1978 kwa mahitaji ya majeshi, na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Raia waliruhusiwa kuutumia, lakini kwa makusudi walipewa vipimo vilivyopotoshwa hata kukosea kwa kadiri ya mita 100, mpaka Rais Bill Clinton alipoamuru upotoshaji huo ukome mwezi Mei, 2000. Mpaka leo setilaiti zilizorushwa kwa ajili ya mfumo huo zinazidi 70, ingawa zinazohitajika kwa wakati mmoja ni 24. Nyingi za hizo zilizozidi ni badala ya zilizochakaa, na nyingine ni akiba. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa ya hadharani, ikaonya kwamba ucheleweshaji wa kujenga setilaiti mpya ungeweza kuufanya mfumo upungukiwe kuanzia mwaka 2010. Upungufu huo haukutokea. Lakini iangaliwe vizuri kwamba onyo lilitolewa wakati kila mtumiaji anaona mambo ni shwari. Mkaguzi hakungoja taa izimike ndipo aandike kwamba mafuta yamekwisha.

Hata hivyo, habari inayomhusu mtumishi wa umma zaidi ni ile ya Galileo. Nchi za Ulaya zilikuwa marafiki wa Marekani, na GPS zilikuwa zikiitumia bure. Pamoja na hayo, viongozi wao waliona si busara bandari, reli, ndege na mabenki yao yategemee chombo kilicho mikononi mwa jeshi la nchi nyingine. Mwaka 2001 Rais Jacques Chirac wa Ufaransa alionya kwamba bila mfumo wake Ulaya ingegeuka mtwana wa wengine, kwanza katika sayansi na ufundi, kisha katika viwanda na uchumi. Uamuzi ulikuwa wa haki. Kosa lilikuwa katika kufikiri kwamba mtoto huyo angeweza kulelewa na mfanyabiashara.

Mpango wa awali ulikuwa kwamba makampuni yabebe sehemu kubwa ya gharama, kisha yajilipe kutokana na mapato. Makampuni manane yakaungana, yakazungumza na wakuu wa Ulaya, na mwaka 2007 mazungumzo yakakwama. Swali lililoyavunja lilikuwa jepesi: hasara ikitokea, nani ataibeba? Wote walitaka faida, na hakuna aliyetaka kukesha na mgonjwa. Ndipo Umoja wa Ulaya ukaamua kwamba umma ulipe wenyewe, ukatenga Euro bilioni 3.4 kwa miaka ya 2007 hadi 2013. Mwaka 2009 Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilitoa taarifa kali juu ya usimamizi wa kipindi cha mwanzo, ikazilaumu hata nchi wanachama kwa kuvutia kila moja upande wa viwanda vyake. Taa ya mnara wa bandari haiwezi kuuzwa kwa kila jahazi linalopita, na mwenye jahazi hatangoja kuulizwa kama amelipa ndipo aione. Huduma ya namna hiyo ni ya wote, na mwenye kuitunza lazima awe wote.

Setilaiti mbili za kwanza za mfumo wenyewe zilirushwa tarehe 21 Oktoba, 2011, kutoka Kourou, katika Guiana ya Kifaransa, kwa roketi ya Kirusi aina ya Soyuz. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi. Tarehe 22 Agosti, 2014, setilaiti ya tano na ya sita zilipaa kutoka hapo hapo, na pongezi zikatolewa. Baada ya saa chache ikabainika kwamba pongezi zilitangulia mbele ya kazi. Badala ya kuzunguka dunia katika duara, kwa kimo cha kilomita 23,200 hivi, setilaiti zote mbili zilikuwa katika njia ya umbo la yai, iliyoshuka chini ya kilomita 14,000 na kupanda karibu kilomita 26,000. Hazikuweza kutumika kama ilivyokusudiwa.

Uchunguzi ulifanywa mara moja, na mwezi Oktoba mwaka huo huo chanzo kikatangazwa. Katika sehemu ya juu ya roketi, bomba la mafuta lilikuwa limefungwa karibu mno na bomba la gesi ya heliamu yenye baridi kali. Baridi ikapita kutoka bomba moja hadi jingine, mafuta yakaganda, na injini ndogo za kuielekeza roketi zikakosa nguvu. Michoro ya kiwandani haikukataza waziwazi mabomba hayo kuwekwa pamoja. Roketi nzima, yenye mamia ya tani, ilishindwa kwa sababu ya kifungo kimoja cha bomba ambacho karatasi haikukisemea neno.

Watu wa Ulaya wangeweza kuziandika setilaiti zile kuwa hasara, wakafunga jalada. Hawakufanya hivyo. Wataalamu walizisukuma kwa mafuta yake machache yaliyokusudiwa kwa marekebisho madogo ya baadaye, kidogo kidogo, wakiinua sehemu ya chini ya njia yake kwa takriban kilomita 3,500, mpaka zikafika mahali pa afadhali. Wanasayansi nao wakaona kwamba njia ile ya umbo la yai, inayopanda na kushuka, inafaa kabisa kupimia jinsi saa inavyokwenda polepole zaidi karibu na dunia kuliko mbali nayo, kama alivyofundisha Albert Einstein. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuwa bora kuliko yale ya jaribio maarufu la mwaka 1976. Namna hiyo ndivyo anavyofanya mlezi: mtoto aliyezaliwa na kasoro hatupwi, bali hutafutiwa anachoweza.

Galileo ilianza kutoa huduma zake za awali tarehe 15 Desemba, 2016. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo hofu ilikuwa imekwisha. Lakini mwezi Julai, 2019, kwa karibu wiki moja, huduma ya kuonyesha mahali ilizimika. Hakuna roketi iliyoanguka, wala setilaiti iliyogongwa. Tatizo lilikuwa katika vituo vya nchi kavu, kwenye mitambo inayopiga hesabu za saa na za njia. Setilaiti zilikuwa juu zikiendelea kuzunguka, nzima na ghali, lakini maneno yao hayakuweza kuaminiwa. Wenye simu wengi hawakutambua lolote, kwa kuwa simu zao zilikuwa zikisikiliza pia mifumo mingine. Lakini waliokuwa wamekabidhiwa kazi hiyo hawakuwa na udhuru wa kujificha nyuma ya jirani.

Hata njia ya kurushia haikuwa salama. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari, 2022, roketi za Soyuz ziliondoka Kourou, na roketi mpya ya Ulaya, Ariane 6, ilikuwa imechelewa. Tangu Desemba, 2021, mpaka Aprili, 2024, hakuna setilaiti hata moja ya Galileo iliyorushwa, na zile nne zilizopaa mwaka 2024 zilipaa kutoka Florida kwa roketi ya kampuni ya Kimarekani. Mfumo ulioanzishwa ili kupunguza kuitegemea Marekani ulilazimika kuomba usafiri Marekani. Msomaji asicheke upesi. Huduma haikukatika katika muda huo wote, kwa sababu zilizokwisha rushwa zilikuwa zikitunzwa. Aliyetunza alichonacho anaweza kungoja, lakini asiyetunza hupigwa na dhoruba ya kwanza.

Huenda sasa mtu akauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki, tusiokuwa na mfumo wa namna hii? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba hata chombo cha bure kinadai matunzo kwa yule anayekitumia. Mwaka 1999 wapimaji wa Tanzania na Ujerumani walipanda Kilimanjaro na vyombo vya GPS, wakapata kimo cha mita 5,892 na nusu, badala ya mita 5,895 za vipimo vya mwaka 1952. Hawakuweza kufanya hivyo kwa setilaiti peke yake. Walihitaji alama za upimaji zilizopandwa ardhini, na watu waliosomea hesabu zake. Tena, ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati setilaiti na simu zinatumia msingi mwingine. Tofauti kati ya misingi hiyo miwili ni karibu mita 300. Afisa anayechukua namba kutoka kwenye simu na kuziweka moja kwa moja juu ya ramani ya namna hiyo anaweza kumhamisha mkulima kutoka shamba lake hadi shamba la jirani, na setilaiti isiwe na kosa lolote. Mawe ya mipaka yanayong'olewa, ramani zisizosahihishwa, na wapimaji wasiopelekwa masomoni ni kazi yetu wenyewe, wala hakuna roketi ya Ulaya itakayotufanyia.

Njia ya pili ni pana zaidi. Sisi nasi tuna vitu tunavyovirusha, ingawa havitoi moshi. Tunazindua visima, zahanati, maabara za shule, mitambo ya umeme na vyumba vya kompyuta. Utepe hukatwa, picha hupigwa, jina la mgeni rasmi huandikwa ukutani. Miaka mitatu baadaye, ule muda ule ule waliokuwa nao Warusi, pampu ya kisima inahitaji kipuri kidogo, na hakuna fungu lililotengwa. Akina mama wanarudi mtoni wakiipita pampu njiani. Hakuna anayeita waandishi wa habari kuja kushuhudia siku hiyo.

Pwani ya Kenya tunao mfano wa kutazama kwa macho. Katika bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walijenga majukwaa ambayo kutoka hapo setilaiti zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988, mojawapo ikiwa ile ya tarehe 12 Desemba, 1970, iliyoitwa Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Tangu 1988 majukwaa yale hayajarusha setilaiti nyingine. Lakini kituo kilicho nchi kavu kimeendelea kwa miaka mingi kufuatilia setilaiti na roketi za wengine. Kilichodumu ni kazi ya kusikiliza na kupima, ambayo haikuwahi kukusanya umati wa watazamaji.

Yafaa basi tuwe na msimamo. Kwa watumishi wa umma tunaoandika makisio, mradi wowote usio na fungu la matunzo ya kila mwaka usihesabiwe kuwa umekamilika hata kama umekwisha zinduliwa. Tuliandike fungu hilo kabla ya fungu la sherehe. Kwa wakaguzi, taarifa zisingoje chombo kife. Zitolewe kikiwa hai, na wenye mamlaka wazisome bila kununa. Kwa walimu, tunapomweleza mwanafunzi maajabu ya roketi, tumweleze pia habari ya bomba lililofungwa karibu mno na bomba jingine, na ya vipimo vilivyofungwa juu chini, ili ajue kwamba ustadi mkubwa husimama juu ya uangalifu mdogo mdogo. Na tumfundishe kusoma ramani na kuelekea kwa jua na nyota, maana siku simu yake itakapozima njiani hatakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Fahari ya taifa haipimwi kwa siku ya kuzindua. Ipimwe mwaka wa kumi, kwa kuuliza kama kile kilichozinduliwa bado kinafanya kazi, na kama yule anayekiangalia usiku analipwa, ana kipuri, na ana mkubwa anayemsikiliza anaposema kwamba kuna ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa siku hizi, ndugu zangu, ni ghali.